Redio ya Marehemu Haiuzwi kwa Kilo

Matanga yakishaanuliwa, ndugu hugawana: shamba, nyumba, vitanda, hata kanzu za marehemu. Kinachobaki pembeni ya sebule, kimefunikwa kitambaa cha kufuma, ni ile seti ya muziki: amplifaya, mashine ya santuri, spika mbili kubwa. Hakuna anayeidai. Wiki haijaisha, mnunuzi wa chuma chakavu anapita na mkokoteni wake na mizani ya kuning'iniza. Jina lililoandikwa mbele ya chombo halimhusu. Anachotafuta ni shaba iliyosokotwa ndani ya transfoma na sumaku iliyo mgongoni mwa spika. Anapasua mbao kwa nyundo palepale uani, anapakia vyake, koni za karatasi zinabaki mtaroni. Chombo ambacho mkusanyaji wa Nairobi, Muscat au Hamburg angekilipia bei ya ng'ombe kimeondoka kwa bei ya kilo mbili za sukari.

Ninaandika kwa ukali kwa sababu chombo kikishapasuliwa hakirudi. Viwanda vilivyovitengeneza vingi vimefungwa au vimegeukia kazi nyingine, na mafundi wanaovijua wanazeeka. Tena kinachopotea si fedha peke yake. Kwa hiyo soma mpaka mwisho kabla hujamwita dalali.

Usiuze peke yako, wala usiuze kwa haraka

Seti ya muziki ni mali ya mirathi kama kiti na jembe. Asiiuze mtu mmoja kwa sababu tu ndiye aliyekuwa karibu na mlango. Waulize walio mbali. Mara nyingi yuko mmoja, pengine binti aliyeolewa mkoa mwingine, ambaye hakutaka shamba wala nyumba. Alichokitaka ni hicho chombo, na aliona haya kukisema mbele ya wazee.

Soma kibati cha nyuma

Geuza chombo. Nyuma au chini yake kuna kibati chenye jina la mtengenezaji, namba ya modeli, volti, wati na nchi. Kipige picha. Bei inatokana na namba ya modeli. Jina peke yake litakudanganya. Kampuni ileile ya Kijapani iliyotengeneza amplifaya za chuma kizito mwaka 1975 ilikuja kutengeneza, miaka kumi baadaye, seti nyepesi za plastiki zilizopangwa ghorofa ghorofa ndani ya kabati lenye mlango wa kioo. Zote zinang'aa kwa mbele. Ile ya kwanza inagombaniwa. Hii ya pili hata wa kumpa bure ni taabu kumpata.

Tofauti hiyo ina sababu. Katika miaka ya 1970 Pioneer, Marantz, Sansui na Kenwood walikuwa wakishindania wanunuzi wa Marekani kwa wati. Mwaka 1974 serikali ya Marekani ikatoa kanuni ya kuwalazimisha watengenezaji kutaja nguvu ya amplifaya kwa kipimo cha kweli, na nguvu ya kweli haipatikani bila transfoma kubwa na kapasita kubwa. Ndipo zikaja risiva, yaani redio na amplifaya ndani ya sanduku moja, ambazo mtu mmoja huzinyanyua kwa kuomba Mungu. Pioneer SX-1250 ya 1976 ilitoa wati 160 kila upande. SX-1980, iliyotoka 1978, ilifika wati 270, na uzito wake ni kilo 35 hivi. Uzito huo ndio wanaoutafuta wakusanyaji wa leo, kwa sababu hakuna anayetengeneza chombo cha nyumbani namna hiyo tena kwa bei ya mtu wa kawaida.

Yako majina mengine ya kushika kichwani: Technics SL-1200MK2 ya 1979, mashine ya santuri ambayo madijei waliichukua wakaifanya yao, Garrard 301 na Thorens TD 124 za miaka ya 1950, deki ya kaseti ya Nakamichi Dragon ya 1982, spika bapa za Quad za 1957, na vile vispika vidogo vilivyobuniwa na BBC kwa ajili ya wahandisi wake, LS3/5A. Ukikuta mojawapo, asiiguse mtu mpaka ujue inauzwaje.

Usichanganye bei ya moyoni na bei ya sokoni

Hapa ndipo watu wanapoumia zaidi, na ndipo ninapotaka usome polepole.

Ichukue redio ya valvu yenye sanduku la mbao, Philips au Grundig au Telefunken, ile yenye kioo kilichoandikwa majina ya miji ambayo hakuna mtu nyumbani aliyewahi kufika: Hilversum, Luxembourg, Leipzig. Au ichukue radiogramu, kabati zima lenye redio upande mmoja na mashine ya santuri upande wa pili, chini pamewekwa nafasi ya kupangia sahani. Chombo cha namna hiyo kilikuwa fahari ya nyumba. Baba alipokuwa hayupo hakuna mtoto aliyethubutu kufunua kifuniko. Leo kukipatia mnunuzi ni kazi ngumu: ni kikubwa, ni kizito, vipuri vyake vimeadimika, na nyumba za siku hizi hazina ukuta wa kukiegemeza.

Nazo redio ndogo za National zilizounganishwa Dar es Salaam na za Philips zilizounganishwa Arusha, sokoni hazina bei ya kutajika, kwa kuwa zilienea kila kijiji. Lakini hakuna chombo kilichobeba maisha ya watu kuzidi hizo. Zilileta taarifa ya habari na matangazo ya vifo, mpira ulisikilizwa na mtaa mzima barazani kwa mwenye redio, na salamu za wagonjwa zilisomwa katika kipindi cha Ugua Pole. Betri zilipochoka zilianikwa juani ili zipate nguvu ya kumalizia kipindi. Mtu aliyeyaishi hayo akiishika redio ile mkononi, anajua kwa dole gumba mahali gurudumu la stesheni lilipokuwa likikwama.

Mnunuzi hayajui hayo, na hana wajibu wa kuyajua. Mnunuzi wa vitu vya kale hanunui ujana wa baba yako; ananunua ujana wake mwenyewe. Ndiyo maana bei hufuata umri wa watu wenye fedha. Risiva za miaka ya 1970 zilipanda pale waliokuwa vijana enzi hizo walipopata nafasi ya kununua walichokitamani wakiwa hawana kitu. Sasa zinatafutwa redio kaseti kubwa za mwanzo wa miaka ya 1980, JVC RC-M90 ikiwa miongoni mwa zinazogombaniwa, kwa sababu waliokuwa wakizibeba begani wamefika umri huo.

Basi fanya hivi. Chukua karatasi uandike namba mbili. Ya kwanza ni fedha ambayo soko linatoa. Ya pili ni fedha ambayo wewe ungekubali kuitoa ili kuirudisha redio hiyo kama ingeibiwa usiku wa leo. Namba ya pili ikiizidi ya kwanza, funga mjadala, usiuze. Ya kwanza ikizidi, uza bila kujilaumu, wala usimpandishie mnunuzi bei kwa ajili ya machozi yako.

Usiichomeke ukutani "kuona kama inawaka"

Hili ndilo kosa linaloua vyombo vingi kuliko kutu na mende. Chombo kilichokaa miaka ishirini bila umeme kina kapasita zilizokauka ndani. Ukikipiga umeme wote kwa mkupuo, kapasita hupasuka, transfoma huungua, na moshi unaotoka hapo ndiyo bei ya chombo inayokwenda dirishani. Fundi anayejua kazi hulianza zoezi hilo kwa kuunga balbu ya zamani ya wati 60 au 100 katika mstari mmoja na chombo. Balbu ikiwaka sana na kubaki inawaka, ndani kuna shoti, anazima. Ikiwaka kidogo kisha ikafifia, anaendelea. Kifaa hicho kinagharimu bei ya balbu na soketi. Fundi asiyekuwa nacho, chukua chombo chako uondoke.

Kabla ya hapo fungua kifuniko, mwenye ujuzi akiwepo, utoe kiota cha mende, nyuzi za buibui na vumbi kwa brashi laini. Tazama fyuzi. Ukikuta pameviringishwa karatasi ya sigara au kipande cha waya mahali pa fyuzi, ujue kuna aliyetangulia kuharibu.

Redio za valvu usiziguse kabisa kwa ndani. Ndani yake mna volti 200 hadi 400, na kapasita huendelea kushika umeme hata baada ya plagi kuchomolewa. Zipo pia zile ndogo zilizoandikwa AC/DC, ambazo hazina transfoma ya kutenganisha: fremu yake ya chuma imeungwa moja kwa moja na umeme wa ukutani. Kifungo cha mbele kikiwa kimeng'oka, skrubu inayobaki wazi inatosha kumuua mtoto. Hilo nalisema bila kuzungusha. Redio ya namna hiyo iwekwe juu, mbali na watoto, mpaka fundi wa valvu aione.

Angalia volti, halafu angalia hezi

Vyombo vingi vizuri viliingia kwetu mikononi mwa mabaharia, wanafunzi waliorudi kutoka ng'ambo na jamaa wa Uarabuni. Kila kimoja kilikuja na umeme wa huko kilikonunuliwa. Japani ni volti 100, Marekani ni 120, kwetu ni 230 hadi 240. Baadhi ya vyombo vina swichi ya kuchagulia volti kwa nyuma, vingi havina. Kisichokuwa nayo kinahitaji transfoma ya kupunguza umeme yenye uwezo unaotosha, na amplifaya kubwa inahitaji transfoma kubwa.

Watu hukumbuka volti wakasahau hezi. Umeme wetu ni hezi 50. Wa Marekani ni 60, na wa Saudi Arabia vilevile. Amplifaya nyingi hilo haziliumii. Lakini mashine za santuri za zamani, ambazo mota yake hufuata mapigo ya umeme, zikitoka kwenye hezi 60 zitazunguka polepole hapa kwetu: badala ya mizunguko 33 na theluthi kwa dakika, utapata chini ya 28. Sauti ya mwimbaji inazama na ngoma inaburura miguu. Transfoma hairekebishi hilo. Zipo mashine ambazo fundi hubadilisha puli ya mota zikapona, na zipo zenye kidhibiti cha kielektroniki ambazo hazijali. Uliza kabla hujatoa fedha.

Redio za Kijapani zilizotengenezwa kwa soko la kwao zina ugonjwa ambao kila mwenye gari la mtumba anaujua: FM inaishia 90. Muuzaji mwaminifu husema hivyo mapema.

Usiwape mafundi uchwara ruhusa ya kutoa matumbo

Kuna mtindo umeenea wa kuchukua redio ya mbao iliyo nzima, kung'oa chasisi yake, na kupachika ndani kadi ndogo ya USB na Bluetooth yenye taa za rangi. Mwenye nyumba anafurahi kwa kuwa sasa "inaimba". Chasisi inatupwa. Kilichobaki ni sanduku, na sanduku halina thamani ya redio. Ukitaka kusikiliza simu yako kupitia chombo cha zamani, fundi mzuri atakuungia waya kwenye tundu la santuri ya nje au la tepu lililoko nyuma, bila kukata kitu. Likikosekana tundu hilo, nunua spika ya Bluetooth dukani uiache redio ipumzike.

Unapompa fundi kazi, mwagize akurudishie kila kipuri alichokitoa, ndani ya mfuko. Hii inampa adabu, na mnunuzi wa baadaye anapenda kuviona. Transista za nguvu zinazouzwa mitaani nyingi ni bandia: maandishi ya asili yamefutwa na kuandikwa mengine juu yake. Zinafanya kazi kwa sauti ndogo, siku ya harusi zinaungua na kuondoka na spika.

Spika ambazo sponji yake ya pembeni ya koni imemong'onyoka hazijafa. Sponji hiyo huoza kwa umri, hata kama spika haikupigwa, na joto na unyevu wa pwani huiharakisha. Inabadilishwa kwa gundi na uvumilivu. Anayekwambia ung'oe spika ya asili uweke mpya ya dukani yenye kipimo kilekile cha inchi anakuharibia, maana kisanduku, koni na saketi ya kugawa sauti vilipimwa pamoja kiwandani.

Usipake vanishi, usisugue maandishi

Mbao iliyofifia kidogo ina thamani kuliko mbao iliyopakwa vanishi ya mlango. Maandishi ya mbele ya amplifaya yamechapwa juu ya chuma na yanatoka kwa sabuni kali, kwa petroli, na kwa dawa ya kung'arishia shaba. Kitambaa chenye unyevu mdogo na brashi laini vinatosha. Kifungo kikipotea kitafutwe cha asili; kifungo cha jiko hakifai.

Santuri: zishike pembeni, na usizikabidhi kwa mkupuo

Mara nyingi thamani haiko kwenye mashine. Iko kwenye kabati la chini yake, ndani ya majalada yaliyoliwa na mende.

Pitia sahani moja moja. Tenganisha kwanza zile nzito, zinazovunjika, za mizunguko 78. Hizo zilitengenezwa kwa lakiri, na spiriti huiyeyusha lakiri. Mtu akizifuta kwa spiriti ya hospitali amezifuta na nyimbo zake. Maji safi, tone la sabuni laini, kitambaa kisichotoa nyuzi, bila kulowesha karatasi ya katikati. Wala usizipige kwa sindano ya santuri za kawaida: mfereji wake ni mpana, zinataka sindano yake. Kwenye gramafoni ya kukoroga, sindano ya chuma hubadilishwa kila upande mmoja wa sahani ukiisha. Babu zetu walilijua hilo, vijikopo vya sindano vilikaa pembeni ya mashine. Anayepiga sahani kumi kwa sindano moja anachimba.

Siti binti Saad alivuka bahari kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, na sauti yake ikarudi Unguja na mwambao mzima ikiwa ndani ya sahani za namna hiyo. Sahani za taarabu za enzi hizo zilizobaki nzima ni chache mno. Ukikuta hata moja, ifunge kwa kitambaa, isimamishe wima, na umwonyeshe mtu anayejua kabla ya kumwonyesha mtu mwenye fedha.

Kisha angalia zile ndogo za mizunguko 45. Bendi za Tanzania zilirekodiwa na Redio Tanzania kwa ajili ya matangazo, ila sahani za kuuza zilifyatuliwa Nairobi, pamoja na za benga, za rumba ya Wakongo waliohamia huko, na za bendi za mwambao. Nyingi zilitoka kwa idadi ndogo na hazikurudiwa. Wazungu wameshalifahamu hili. Kampuni ya Soundway ya London ilitoa mkusanyiko wa Kenya Special mwaka 2013 uliojaa nyimbo za santuri kama hizo, na tangu hapo wanaozitafuta wameongezeka. Nairobi kwenyewe, katika Soko la Kenyatta, katikati ya moshi wa nyama choma na wasusi wa nywele, kuna kibanda cha santuri ambacho watu hukijia kutoka nchi za mbali.

Kwa hiyo usikubali mtu akwambie, "Nipe sanduku lote nitakupa kitu." Anayesema hivyo ameshaona sahani mbili tatu ambazo wewe hujaziona. Andika orodha: msanii, wimbo, lebo, namba iliyo kwenye karatasi ya katikati. Eleza mikwaruzo kwa ukweli. Na kabla sahani yoyote ya lugha zetu haijaondoka mikononi mwako, irekodi vizuri kwenye kompyuta, uwaachie ndugu nakala. Ukishaiuza kwa mkusanyaji wa Ulaya, wajukuu wako hawataisikia, labda siku moja waje kuinunua tena kwa fedha za kigeni.

Zihifadhi zikiwa wima, mbali na jua na mbali na sakafu. Zikilazwa chungu nzima zinapinda, zikiachwa ndani ya gari mchana zinajikunja na hazinyooki tena.

Toa kaseti iliyomo ndani ya deki

Fungua mlango wa deki na uangalie kabla hujauza. Kanda iliyosahaulika humo inaweza kuwa ya Mbaraka Mwinshehe, inaweza kuwa mawaidha ya Ramadhani, na inaweza kuwa sauti ya bibi akisimulia ukoo, iliyorekodiwa na mjomba siku ya sikukuu kwa kubonyeza vitufe viwili kwa pamoja. Hiyo ya tatu hakuna duka litakalokuuzia. Vunja vile vimeno viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwa kaseti ili isirekodiwe juu yake kwa bahati mbaya. Usiipige kwenye deki usiyoijua. Mpira uliolainika ukageuka kama lami huwa unatafuna kanda. Safisha kichwa cha deki, jaribu kwanza kwa kaseti isiyo na maana, ndipo uiweke ile.

Na toa betri. Kila chombo kinachotumia betri kisikae na betri ndani, hata kwa mwezi mmoja. Ute unaovuja hula springi, ukishamaliza springi unapanda kwenye saketi.

Usitangaze bei ya ndoto

Bei inayotajwa kwenye tangazo ni matumaini ya muuzaji. Tafuta bei ambazo vitu vimekwisha kuuzwa nazo. eBay, kwa mfano, ina sehemu ya kuonyesha vilivyouzwa. Halafu toa gharama ya usafiri na ushuru, kwa sababu risiva ya kilo 30 kuipeleka ng'ambo inaweza kula nusu ya bei au zaidi. Bei ya Hamburg si bei ya Kariakoo wala ya Luthuli Avenue, na chombo cha volti 120 kinapendwa zaidi huko kwenye volti 120.

Usiseme "inafanya kazi" kwa sababu taa inawaka. Kufanya kazi maana yake ni hii: pande zote mbili zinatoa sauti sawa, vifungo vikizungushwa havikwaruzi, redio inashika, tundu la santuri linapokea, na chombo kimepigwa saa nzima bila kuzima wala kunuka. Kipi kimeharibika, andika. Mnunuzi wa vyombo hivi anasamehe ubovu uliotajwa. Uliofichwa hausamehe, na habari zako zitawafikia wenzake kabla hujapata chombo kingine cha kuuza.

Jihadhari na gramafoni zenye tarumbeta ya shaba inayong'aa

Nyingi kati ya zinazouzwa kwa watalii zimeunganishwa India: mashine ya gramafoni ya sanduku, sanduku jipya la pembe nane au pembe nne, na tarumbeta nyembamba ya shaba, juu pamebandikwa nembo ya mbwa anayesikiliza. Ni pambo la sebule. Likiuzwa kama pambo, kwa bei ya pambo, hakuna neno. Likiuzwa kama urithi wa mwaka 1910, ni udanganyifu, na wewe usiwe mkono wa kuupitisha.

Usinunue ukitegemea itapanda bei kama kiwanja

Kizazi kinachokitamani chombo kikipita, bei nayo hushuka. Na watengenezaji wanaweza kurudi: Technics waliacha kutengeneza SL-1200 mwaka 2010, wakaanza upya 2016. Nunua cha kupiga. Kikipigwa kila wiki hudumu kuliko kilichofunikwa kitambaa, na kama thamani itaongezeka, utakuwa umekwisha kufaidi.

Fungasha kama unavyotaka ufungashiwe

Chombo kinachofika kimevunjika ni chako, hata kama mnunuzi ameshalipa. Mashine ya santuri ivuliwe: sahani ya kuzungusha itoke, mpira wake utoke, uzito ulio nyuma ya mkono ufunguliwe ufungwe peke yake, kichwa cha sindano kiwekwe kifuniko, mkono wenyewe ufungwe kwenye kishikio chake kwa waya laini. Zenye skrubu za safari, skrubu hizo zikazwe. Valvu zitolewe kwenye soketi zake, kila moja na karatasi yake, na uandike ipi ilitoka wapi. Usibandike gamtepu moja kwa moja juu ya mbao. Inang'oka na rangi. Sanduku liwe ndani ya sanduku, katikati yake sponji, pande zote sita. Boksi la kiwandani kama lipo usilitupe kamwe, maana nalo lina bei.

Kwa basi, usikubali chombo kiingie kwenye buti chini ya magunia ya viazi. Lipia kiti ikibidi. Andika kwa kalamu nene upande wa juu ni upi, na namba ya simu ya anayepokea, pande mbili za boksi. Kisha chukua namba ya dereva mwenyewe, maana wakala wa ofisini hasafiri na mzigo, na umpigie mpokeaji basi likishatoka stendi.